Keki ikatwe kabla ya muuaji kutajwa

Wateja wangu huniuliza keki gani inafaa jioni ya kusoma, na wengi hutarajia niwatajie yenye krimu na matabaka. Kama kitabu ni mkusanyiko wa hadithi fupi za uhalifu, jibu langu ni moja: keki ya tangawizi iliyookwa kwenye chombo kirefu cha mkate, isiyopakwa chochote juu. Mimi ni mwokaji hapa Mbeya, na msimu wa baridi ukiingia, Juni hadi Agosti, kuna watu tunaokutana kwangu kusomeana kwa sauti. Keki hii nimeichagua kwa kufuata hadithi zenyewe zinavyokwenda.

Hadithi fupi ya uhalifu hutungwa imalizwe kwa kikao kimoja. Edgar Allan Poe, Mmarekani aliyechapisha mwaka 1841 hadithi ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya upelelezi, aliandika mwaka uliofuata kwamba nguvu ya hadithi fupi iko katika kusomwa yote kwa mkupuo. Arthur Conan Doyle naye alizitoa kesi 12 za Sherlock Holmes moja kila mwezi katika jarida la London, kuanzia Julai 1891 hadi Juni 1892, kila moja ikianza na kuisha yenyewe, ndipo zikawa kitabu. Riwaya za mpelelezi Bwana Msa, za Muhammed Said Abdulla, ni safari nyingine. Unatembea nazo siku kadhaa na unaweza kuzisindikiza kwa lolote, hata mahindi ya kuchoma.

Sasa, katika hadithi ya namna hii kuna mahali ambapo mwandishi ameshatupa vielelezo vyote, lakini mpelelezi hajafungua mdomo kueleza. Mara nyingi hapajifichi: watu wanaitwa sebuleni wakae, au mpelelezi ananyamaza ghafla baada ya kuuliza swali lililoonekana la kipuuzi. Hapo msomaji wetu anasimama, anaweka kidole ukurasani, nami nakata keki. Kila mmoja anamtaja anayemshuku, na lazima aonyeshe sentensi iliyomfikisha hapo. "Namwona tu ana sura mbaya" haikubaliki. Mzee mmoja kati yetu, karani mstaafu wa mahakama, hungoja wote wamalize ndipo aulize nani kati yetu alisikia saa ngapi mlango ulifungwa. Mara nyingi hakuna aliyesikia. Kisha tunarudi kusikiliza maelezo, na sasa kila mtu ana jambo lake analolitetea.

Kipande cha keki kinachofika wakati huo kina masharti. Kishikwe kwa vidole bila uma, kwa sababu mkono wa pili unaonyesha mstari kitabuni. Kisiache mafuta wala rangi kwenye karatasi. Kisimomonyoke. Na kisiwe na mbwembwe za kuwafanya watu waanze kusifia keki na kuisahau kesi. Krimu inaanguka katika masharti yote manne. Keki ya sponji, nyepesi na tamu ilivyo, inamwaga makombo hadi kwenye mshono wa kitabu.

Tangawizi ina sifa nyingine ninayoipenda sana. Ukiuma, unaanza kupata utamu wa sukari guru na siagi, na ukali unafika umeshameza, kama lile jibu ambalo dalili zake zilikuwepo tangu ukurasa wa pili. Ili ukali huo uwe na kina natumia tangawizi za aina mbili. Mbichi, ikipata moto, hupoa makali yake na kubaki na harufu tamu ya kufariji. Iliyokaushwa na kusagwa ni kali zaidi, kwa kuwa kukaushwa hubadilisha kemikali ya ukali ikawa nyingine yenye nguvu kuliko ile ya kwanza. Ukitumia mbichi peke yake, keki inanukia lakini haiumi. Ya unga peke yake inachoma koo na basi.

Vipimo vyangu ni vya huku juu. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko Dar es Salaam. Mapovu ya gesi ndani ya mchanganyiko hutanuka kupita kiasi, keki inapanda mbio kabla unga na mayai havijakaza, halafu inadidimia katikati. Maji nayo huchemka yakifika kama nyuzi 94, kwa hiyo unyevu unakimbia mapema. Ndiyo maana pishi zuri lililoandikwa pwani linaweza kukuangusha Mbeya, Iringa au Njombe bila kosa lako lolote.

Chukua unga wa ngano gramu 250, sukari guru iliyopondwa gramu 180, siagi gramu 120, mayai 2, tangawizi mbichi iliyokunwa vijiko vikubwa 2, ya unga kijiko cha chai 1, na iliki kidogo sana. Pwani ningeweka bekingi pauda vijiko vya chai 2 na maziwa mililita 150. Hapa naweka bekingi pauda kijiko kimoja na nusu na maziwa mililita 180. Yeyusha siagi na sukari guru kwa moto mdogo, acha vipoe, ndipo uchanganye na mayai, maziwa na tangawizi mbichi. Unga uingie mwisho, na usikoroge sana. Oveni iwe nyuzi 180, na uanze kuchoma kijiti baada ya dakika 45. Kwa jiko la mkaa, tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria nzito, ipashe vizuri, weka chombo chako juu ya mchanga, kisha makaa mengi yakae juu ya mfuniko na machache chini.

Kuna ladha moja ambayo siiweki siku ya hadithi ya sumu, nayo ni lozi. Hadithi nyingi za zamani zinataja harufu ya lozi chungu kwenye kikombe cha marehemu. Si uzushi: sianidi ina harufu hiyo, ingawa baadhi ya watu kwa maumbile yao hawawezi kuinusa. Agatha Christie, mwandishi wa hadithi za uhalifu aliyefanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, alizijua sumu kwa kuzishika. Keki yenye harufu ya lozi mezani ingemnong'oneza msikilizaji jibu kabla ya wakati. Na hapa niseme wazi kwa waokaji wenzangu: kiini kilicho ndani ya kokwa la pichi, tunda linalostawi sana huku kwetu, hutoa sianidi kikisagwa. Nimesikia watu wakishauriana kukitumia kupata ladha ya lozi kwa bei nafuu. Msifanye hivyo kamwe.

Kinywaji ni chai ya rangi, iwe ya Rungwe au Mufindi, isiyotiwa viungo, maana chai ya tangawizi juu ya keki ya tangawizi inaua zote mbili.

Ioke siku mbili kabla. Sukari guru huvuta na kushika unyevu, kwa hiyo siku ya pili keki imelainika, viungo vimeenea na kisu kinapita bila kuvunja. Ifunge vizuri uiache kabatini. Friji huikakamaza haraka. Chombo cha sentimita 24 kinatoa vipande 12 vya sentimita mbili mbili: watu sita, hadithi mbili. Ya tatu huwa naikataa hata wakisihi, kwa sababu wakifika hapo wameshaanza kukisia tabia ya mwandishi na kuiacha kesi yenyewe.