Kujiandaa Kujifungua Bila Darasa: Maswali na Majibu

Mimba ina miezi saba na sijakanyaga darasa lolote la uzazi. Nimechelewa?

Hujachelewa. Ukiyachambua mafunzo ya darasani, utabaki na mambo manne: uchungu unakwendaje, utapumua na kukaa vipi, nani atakuwa nawe, na utoke nyumbani saa ngapi. Yote hayo unaweza kuyafanyia mazoezi chumbani kwako. Ila tuelewane: ninazungumzia kujiandaa nyumbani, si kuzalia nyumbani. Kliniki inabaki palepale, na mtoto apokewe na mkunga au daktari. Mazoezi hayapimi presha, wala hayatakwambia kama mtoto ametanguliza makalio.

Nitajuaje kwamba uchungu ni wa kweli?

Uchungu wa uongo hauna mpangilio. Ukinywa maji, ukitembea kidogo au ukilala ubavu, unapoa. Wa kweli haujali umekaaje: kila unaporudi una nguvu zaidi, unadumu zaidi, na unafuatana kwa karibu zaidi. Wengi huusikia ukianzia kiunoni na kuzunguka hadi chini ya tumbo.

Chukua karatasi uandike saa. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo tufanye pamoja. Tumbo limekaza saa 3:00 usiku, likaachia saa 3:01. Limekaza tena saa 3:06. Uchungu wako unakuja kila dakika 6, si 5, kwa sababu tunahesabu kutoka mwanzo wa mmoja hadi mwanzo wa mwingine. Mpe msindikizaji kazi hiyo, maana wewe ukifika uchungu wa kumi hutakumbuka hata saa ilipo.

Ute mzito wenye michirizi ya damu unaweza kutoka saa chache au siku kadhaa kabla. Huo peke yake haukulazimishi kukimbia.

Nitoke nyumbani lini?

Kama ni mimba ya kwanza na haina matatizo, kipimo kinachotumika sana ni hiki: uchungu kila dakika 5, kila mmoja ukidumu dakika 1, kwa muda wa saa 1. Aliyekwisha kuzaa asisubiri kiasi hicho, maana njia huwa nyepesi kuliko mara ya kwanza. Anayekaa mbali naye aondoke mapema.

Kuna mambo ambayo hayasubiri hesabu. Chupa ikipasuka, toka, hata kama hakuna maumivu. Maji yakiwa ya kijani au kahawia, harakisha. Toka pia ukiona damu nyingi, mtoto akipunguza kucheza, ukipata homa, kichwa kikiuma vibaya huku macho yakiona ukungu, au uchungu ukianza kabla ya wiki 37. Degedege ni dharura ya papo hapo. Na ikitokea kamba ya kitovu imetangulia, usiirudishe ndani. Piga magoti, shusha kifua hadi sakafuni, inua makalio juu, usisukume, na watu waite gari la wagonjwa.

Naambiwa mwingine alikaa na uchungu siku nzima. Inawezekana?

Inawezekana, na si lazima kuwe na kasoro. Mlango wa kizazi unatakiwa ufunguke hadi sentimita 10, na sehemu inayochosha ni ile ya mwanzo, kabla ya sentimita 5. Kwa mzazi wa kwanza inaweza kuchukua siku na ushee. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaohesabu uchungu mkali kuanzia sentimita 5, na unaosema wazi kwamba si kila mama atafunguka sentimita 1 kila saa. Kwa hiyo ukipimwa ukaambiwa una sentimita 3 na urudi nyumbani, usilie kwamba umefeli.

Kosa ninaloliona kubwa ni kuanza kuhema na kuzunguka chumba tangu maumivu ya kwanza saa nane za usiku. Lala. Kukipambazuka kula kidogo, oga maji ya uvuguvugu, jishughulishe na kitu. Nguvu uzitunze kwa ajili ya mbele.

Na kupumua? Nimeona watu wakihema haraka haraka.

Mtindo huo ulienezwa na Fernand Lamaze, daktari wa Ufaransa, miaka ya 1950. Ukizidisha kuhema unapata kizunguzungu na vidole vinawasha. Mimi napenda kilicho rahisi: vuta hewa taratibu kwa pua, toa kwa mdomo polepole zaidi ya ulivyovuta, kama unapoza kitu cha moto.

Sasa jaribio. Shika kipande cha barafu kiganjani kwa dakika 1. Mara ya kwanza kaa tu, ujione unavyokunja uso, unavyopandisha mabega na kuuma meno. Mara ya pili pumua vile, ulegeze taya na mabega. Baridi ni ileile, lakini dakika inapita tofauti. Fanyeni wawili kila jioni, mwenzako akikwambia "mabega" kila yanapopanda. Siku yenyewe neno hilo moja litatosha.

Msindikizaji afanye nini zaidi ya kunishika mkono?

Akae. Utafiti umeonyesha kwamba mama mwenye mtu wa kumtia moyo mwanzo hadi mwisho ana nafasi kubwa zaidi ya kuzaa kwa njia ya kawaida. Zaidi ya hapo, akukandamize kiuno kwa kiganja wakati wa uchungu, akunyweshe maji, akukumbushe kwenda haja ndogo (kibofu kikijaa mtoto anashindwa kushuka), na aulize maswali ambayo wewe huna pumzi ya kuyauliza.

Mwili nao niuandae vipi?

Tembea, na kuanzia wiki 28 lala kwa ubavu. Kuanzia wiki 34 hivi unaweza kukanda msamba (sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa) kwa vidole safi na mafuta yasiyo na manukato, dakika chache. Kwa mzazi wa kwanza hupunguza uwezekano wa kushonwa. Zoea pia kupiga magoti na kuinamia kiti, mkao unaopunguza uzito mgongoni. Dawa za kuharakisha uchungu usinywe kabisa bila kuandikiwa.

Begi?

Kadi ya kliniki juu kabisa. Nguo zako na za mtoto, pedi kubwa, chaja. Kingine chochote kinaweza kuletwa baadaye.

Mtoto akishatoka, nimemaliza?

Bado kondo la nyuma, ambalo mara nyingi hutoka ndani ya nusu saa. Utachomwa sindano ya kuusaidia mfuko wa uzazi ukaze usivuje damu, usiikatae. Wakati huo mtoto awekwe kifuani pako, ngozi kwa ngozi, anyonye dang'a ndani ya saa ya kwanza. Hata ukizalishwa kwa upasuaji, omba hilo mara tu hali inaporuhusu. Ukiona pedi inalowa chapachapa ndani ya saa moja, au unasikia kizunguzungu, mwite mkunga hapo hapo, hata kama ndiyo kwanza ametoka chumbani kwako.