Kilomita 15 za Mavic 3 si safari ya droni

Wauzaji wa DJI Mavic 3, droni iliyotoka Novemba 2021, hupenda kusema: "Hii inaenda kilomita 15." Wanunuzi wengi huelewa kwamba unairusha umbali huo, unapiga picha, kisha inarudi mkononi. Sivyo. Hizo 15 ni umbali ambao mawimbi hufika kati ya droni na rimoti, mahali pa wazi pasipo na mwingiliano, kwa kanuni za Marekani. Kwa kanuni za Ulaya, nguvu ya mawimbi hupunguzwa na umbali huo hushuka hadi kilomita 8.

Sasa piga hesabu. Dakika 46 ambazo DJI, watengenezaji wake, wanasema betri hudumu zilipimwa bila upepo, kwa mwendo wa kilomita 32.4 kwa saa. Zidisha: hazifiki hata kilomita 25, na kwenda na kurudi ni 30! Kwa mwendo wa kasi zaidi DJI wenyewe wanataja hizo 30, ila betri ikauke kabisa, na bado pasiwe na upepo. Ufukweni Mombasa, kaskazi ikiipiga usoni wakati wa kurudi, sahau.

Na ile rimoti ya bei mbaya, RC Pro? Haiongezi umbali; rimoti ya kawaida, inayoshikiliwa pamoja na simu, inafika kulekule. Unacholipia ni skrini ya inchi 5.5 yenye mwanga mkali, niti 1,000 (niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini), inayosomeka hata juani bila kuhangaika kuchomeka simu. Kwa anayerusha kikazi mchana kutwa, naona inalipa.