Hawabebwi: granti za mafunzo za NIH si mbeleko

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye sherehe ya mtoto wa rafiki yangu aliyemaliza chuo, pilau imeshaliwa, watu wamekaa uani wanapiga stori, ndipo mzee mmoja ninayemheshimu sana akasema afadhali serikali ya Marekani imezifuta zile programu za kubeba wanafunzi weusi, maana mtoto akibebwa kwa mbeleko mpaka PhD atakuja kuua watu hospitalini. Meza nzima ikaitikia. Nikamwambia, "Mzee wangu, hiyo ndiyo kazi ninayofanya na haiko hivyo." Akanijibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, lazima uitetee, si ndiyo inakulisha." Nikanyamaza, ni mtu mzima na ile ilikuwa shughuli ya watu. Lakini hii habari ya mbeleko nimeisikia harusini, nimeisikia msibani, nimeisikia kwenye grupu la WhatsApp la Watanzania wa hapa mjini kwetu, nimeisikia hata kwa profesa wa Kizungu aliyedhani ananinong'oneza siri, na leo naandika.

La hospitalini nalimaliza haraka. PhD ya utafiti wa tiba haimpi mtu ruhusa ya kutibu hata mafua. Hawa ni watu wa maabara, protini, panya, data. Anayetibu ana njia yake na mitihani yake. Tuendelee.

Mimi ni mratibu wa granti za mafunzo, yaani hela za ruzuku za kufundishia wanasayansi, kwenye chuo kikuu kimoja huku Marekani, huu mwaka wa 11. Granti zenyewe zinatoka NIH, shirika la serikali ya Marekani la utafiti wa afya, sana sana kwenye taasisi yake ya NIGMS inayoshughulikia sayansi za msingi za tiba, na majina yake, kabla ya kufutwa mwaka 2025, wengine mliyasikia: MARC na U-RISE kwa walio digrii ya kwanza, PREP kwa waliomaliza digrii na wanataka mwaka mmoja au miwili ya maabara kabla ya kuomba PhD, IMSD na G-RISE kwa walio kwenye PhD, IRACDA kwa maposti-doki, yaani waliomaliza PhD na bado wako kwenye mafunzo, wanaojifunza na kufundisha. Halafu kuna T32 ya kawaida ambayo haijatengewa kundi lolote. Ninachotaka ushike hapa ni kwamba hela haombi mwanafunzi. Chuo ndicho kinaomba, kinaandika kurasa na kurasa kueleza kitamlea vipi mtu kisayansi, jopo la wanasayansi kutoka vyuo vingine linaikalia na kuipa alama, ikipita mnapewa sloti kadhaa, yaani nafasi za wanafunzi wa kulipiwa, kawaida kwa miaka 5, ikiisha mnaomba upya na mnaweza kukosa. Sisi tumeshakosa. Kwa hiyo anayefanyiwa mtihani mkubwa kwenye hii kitu ni chuo, anaulizwa wanafunzi wako wa zamani wako wapi, na siyo wa mwaka jana tu, lile jedwali la matokeo ninalijaza kwa watu mpaka wa miaka 15 nyuma, natafuta mtu Facebook, namtumia meseji, "samahani dada, bado uko kwenye utafiti?"

Na kabla hujasema vyuo vinakula, kwenye granti ya utafiti ya kawaida chuo kinaweza kujiongezea asilimia 50 na zaidi kwa ajili ya umeme, majengo na ofisi, kwenye granti ya mafunzo wanaruhusiwa asilimia 8. Nane. Hakuna mkuu wa chuo anayetajirika hapo.

Sasa stipendi, ile posho ya kujikimu, maana hapa ndipo mbeleko ilipozaliwa, watu wanasikia mwanafunzi analipwa wanadhani ni zawadi. Mwaka 2024 stipendi ya NIH kwa mwanafunzi wa PhD ilikuwa dola 28,224 kwa mwaka mzima, kabla ya kodi, na wa digrii ya kwanza anapata kama nusu yake. Anayeishi huku anajua kodi ya nyumba ikitoka hapo kinabaki nini. Posti-doki naye akikaa kwenye sloti ya T32, mwaka wake wa kwanza ni deni, analilipa kwa kuendelea kufanya utafiti au kufundisha, mwezi kwa mwezi, asipofanya hivyo anadaiwa hela. Zawadi gani ina deni?

Ngoja nikuonyeshe hiyo stipendi inanunua nini. Nilikuwa na binti mmoja, nitamwita Neema, siyo jina lake, amezaliwa Kongo, akakulia kambini Nyarugusu kule Kigoma, familia ikaletwa huku akiwa na miaka 13. Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Maksi zake za kemia zilikuwa za juu kuliko za wengi waliomzunguka, hilo nataka liandikwe kwa wino mzito. Lakini usiku alikuwa anapanga vifurushi kwenye ghala, anaingia saa nne usiku anatoka saa kumi na mbili asubuhi, siku nne kwa wiki, kwa sababu nyumbani wako saba na mama haelewi Kiingereza.

Maabara walimpa western bloti, kipimo cha kutafuta protini kwenye sampuli, kama kila anayeanza. Ile kazi ni ya siku mbili. Siku ya kwanza unaendesha jeli, unahamisha protini kwenye membreni, jioni unailoweka kwenye antibodi unaiacha kwenye friji ya digrii 4 mpaka kesho. Asubuhi unarudi unaosha, dakika kumi, unamwaga, dakika kumi tena, unamwaga, mara tatu, antibodi ya pili saa nzima, unaosha tena, ndipo upige picha. Hairukwi hatua. Neema alikuwa anakuja kutoka ghalani hajalala, ana kipindi saa tatu, anaosha mara moja anakimbia. Picha yake ya kwanza nimeiona kwa macho yangu, nyeusi tupu, madoa kama mtu kamwaga chai ya rangi kwenye kitambaa. Ya pili hivyo hivyo. Msimamizi wake akaniambia kwa huruma kabisa, "Labda hana mkono wa maabara." Mkono wa maabara! Mtoto ana usiku nne za kupanga maboksi kwa wiki, wewe unatafuta kasoro mkononi.

Alipopata sloti aliacha ghala. Hatukumwongezea akili, hatukumpunguzia hatua, mtihani wa kemia ya kifizikia alifanya ule ule na kundi zima. Mwezi wa Novemba akaniletea picha kwenye simu, mistari sita imenyooka kama imepigwa rula, kila mmoja kwenye uzito wake, akasema, "Dada, niliosha zote." Basi. Hela ya granti ilinunua zile dakika kumi mara tatu. Mtoto mwenye baba daktari anazo tangu kuzaliwa na hakuna anayemwambia amebebwa.

Nimekasirika kidogo, samahani, naendelea.

Wanasema pia ni programu za wenye maksi ndogo. Hivi mnajua MARC ilipoanza kuchukua wa digrii ya kwanza miaka ya 1970 ilikuwa ya wanafunzi wa juu darasani? Na ukitaka kuona ulezi wa aina hii unafanya nini, angalia programu ya Meyerhoff pale chuo kikuu cha UMBC, Maryland. Haikuanza kwa hela ya NIH, tajiri Robert Meyerhoff aliitoa mwaka 1988, Freeman Hrabowski, kiongozi pale chuoni, akaijenga, kundi la kwanza likaingia 1989 likiwa na vijana weusi 19 wa kiume. Watoto wanaanza pamoja kiangazi kabla ya mwaka wa kwanza, wanasoma kwa makundi, wanaingia maabara mapema, na wanasukumwa kwelikweli. Mwanasayansi Kizzmekia Corbett alipita hapo hapo, akamaliza 2008, miaka kumi na mbili baadaye yumo kwenye timu ya NIH iliyosanifu chanjo ya Korona pamoja na Moderna. Vyuo vya Penn State na UNC Chapel Hill viliiga mtindo huo kuanzia 2013 ili kuona kama unahama na sehemu, na ulihama.

Halafu kuna hili neno daivasiti, ambalo hizi programu ziliandikwa nalo. Watu wa kwetu wanalisikia kama "weusi", na ndugu zetu walio nyumbani wanalisikia kama "Waafrika". Yote mawili siyo. Tafsiri ya NIH ya 2019 ilitaja makabila na rangi ambazo ni wachache kwenye sayansi ya huku, weusi, Walatino, wenyeji wa asili, na wengine, ikataja watu wenye ulemavu, na ikataja waliokulia kwenye hali ngumu ikaiorodhesha hiyo hali mpaka kwenye kula chakula cha bure shuleni, kulelewa na familia za walezi chini ya serikali, kukosa mzazi mwenye digrii, kukulia kijijini. Ukitimiza mawili kwenye hayo ya hali ngumu, ulikuwa unahesabika. Nimekuwa na kijana Mzungu kutoka milima ya Kentucky, wa kwanza chuoni kwenye ukoo wao, alikuwa kwenye granti moja na Neema, wakifundishana.

Na sasa wale wa inboksi, "Shikamoo dada, niko Mbeya, nina first class ya baiolojia, niingize kwenye hizo hela." Mdogo wangu, marahaba, huwezi na mimi siwezi. Hizi granti za mafunzo, sheria yake ni raia wa Marekani au mwenye grini kadi. Mwenye viza ya mwanafunzi hakai sloti, awe mweusi kama mkaa. Neema alikaa kwa sababu aliingia huku kama mkimbizi na baada ya muda akapata grini kadi. Wewe njia yako ni nyingine na wala siyo mbaya: omba PhD yenyewe moja kwa moja, programu nyingi za PhD za sayansi ya tiba huku zinamlipia mwanafunzi ada na kumpa stipendi kwa hela za chuo au za granti ya utafiti ya profesa wake, na hela hizo kwa kawaida haziulizi uraia. Nimewaandikia watu hili jibu mara nyingi mpaka nimelihifadhi kwenye simu.

Turudi kwa mzee. Kama hawa watu wanabebwa, mbeleko ingeonekana pale kwenye hela kubwa, kwenye R01, ile granti inayomfanya mtu awe na maabara yake. Mwaka 2011 Donna Ginther na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science uchambuzi wa maombi ya 2000 mpaka 2006. Waombaji weusi walikuwa nyuma ya Wazungu kwa pointi 10 za asilimia kwenye kupata R01, na hiyo ni baada ya kusawazisha elimu, mafunzo, machapisho na tuzo za utafiti za nyuma. Mwaka 2019 ukatoka mwingine ukaonyesha sehemu ya hiyo tofauti, zaidi ya asilimia 20, inatokana na mada: wanasayansi weusi wanaomba zaidi kwenye afya ya jamii na tofauti za kiafya, na maombi ya mada hizo yanapata hela mara chache zaidi. Sasa niambie, nani kabebwa hapo?

Mimi mwenyewe nina wasiwasi wangu na sitauficha. Ninapojaza ripoti kwamba wetu wengi wameingia PhD najiuliza wangapi wangeingia hata bila sisi, maana tunachagua watoto ambao tayari wana moto ndani, na wale tuliowakataa hatuwafuatilii kwa miaka 15. Kubwa zaidi, Kenneth Gibbs na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba kati ya 1980 na 2013 idadi ya wenye PhD kutoka makundi haya ya wachache iliongezeka zaidi ya mara 9, lakini ajira za profesa msaidizi kwenye idara za sayansi za vyuo vya tiba hazikuongezeka sambamba. Watu wapo. Hawaajiriwi. Ninapowasikia wakubwa wa fani wanasema tatizo ni "bomba linalovuja", kwamba watu wanapotea njiani kabla ya kufika, nachoka, miaka yote tunaongeza maji bombani na ndoo kule mwisho mtu kaifunika. Kuna siku nafikiri nawaandaa watoto kwa nyumba ambayo haijaamua kuwafungulia, na sijui nifanye nini na hilo wazo zaidi ya kurudi kazini kesho yake.

Historia fupi, maana inanigusa. Sheria iliyounda tuzo za mafunzo za taifa, ambazo granti kama T32 zimo ndani yake, ni ya Julai 1974, na ni sheria hiyo hiyo iliyounda tume ya kulinda watu wanaofanyiwa utafiti, baada ya Marekani kugundua wanaume weusi wa Tuskegee, kule Alabama, waliachwa na kaswende bila dawa kwa miaka 40 ili watu waandike data. Karatasi moja, upande mmoja nani afundishwe kutafiti, upande wa pili nani asiumizwe na watafiti. Mimi sioni ajabu viko pamoja.

Kuhusu kufutwa, ni kweli mwaka 2025 NIH iliyaondoa matangazo ya MARC, U-RISE, IMSD, G-RISE na wenzao, granti nyingine zikakatwa katikati, kesi zikafika mpaka Mahakama ya Juu mwezi wa Agosti. Kwa hiyo mzazi uliye huku na mtoto ana grini kadi au pasi ya Marekani, usitegemee ukurasa wa chuo mtandaoni, nyingi ni za zamani, piga simu umwombe mratibu, muulize sloti bado zipo, granti inaisha mwaka gani, na kama haipo chuo kinalipia kwa hela yake au la. T32 za kawaida bado zipo. Na mtoto asisubiri sloti ndiyo atafute maabara, amwandikie profesa sasa hivi, barua fupi, asome kwanza karatasi moja ya huyo profesa na aseme ameelewa nini na kipi hajaelewa. Akijibiwa njoo Jumanne saa nne, aende saa nne kasorobo, na amwambie ukweli kama ana shifti usiku.