Zege ni Zito, Ndiyo Maana Boksi Linaelea

Juma lililopita, kwenye nyumba moja huko Shela, nikitega boksi la umeme la kufukiwa sakafuni kabla zege halijamwagwa, nimeambiwa tena: "Fundi, usijisumbue. Zege ni zito, litalikalia boksi lisitikisike." Aliyesema ni msimamizi wa rika la baba yangu, nikanyamaza kwa adabu. Hapa sinyamazi.

Watu wa Lamu, tuliozaliwa tukitazama majahazi, tunaambianaje maneno haya? Zege bichi poka (mashine ya kulitikisa lishikamane) ikishapita huwa kama maji, tena maji mazito: lita moja ni kama kilo 2.4. Boksi la sakafuni la sentimita 30 kwa 30, kina 10, ni lita 9. Uji wa zege ukishapenya chini yake, linasukumwa juu kwa kilo 21 na ushei. Toa uzito wa boksi lenyewe, tuseme kilo 3. Zinabaki kama 18, karibu na mtungi wa lita 20 uliojaa maji. Huo uzito unaousifia, mzee wangu, ndio unaolinyanyua.

"Basi tulijaze mchanga." Hata mimi niliamini hivyo miaka mingi, mpaka nilipopiga hesabu. Mchanga ni farumi tu. Jahazi likitiwa farumi hukaa chini zaidi majini, lakini linaelea vilevile. Lita 9 za mchanga ni kama kilo 14 na nusu. Ongeza 3 za boksi. Bado kilo 4 zinalipandisha. Mchanga nautia, ndiyo, ili uji usiingie ndani (usiwe wa ufuoni, chumvi italila boksi), ila siutegemei kulishikilia.

Wengine hulifunga kwa waya kwenye BRC, ule wavu wa chuma wa sakafu. BRC yenyewe imekalia biskuti, vile vipande vidogo vya zege vya kuiinua, na wabeba karai wanaikanyaga kutwa: inabonyea, inarudi, na boksi linacheza nayo. Slabu ya juu haina shida, pigilia kwenye mbao za chini, kwisha. Inayoniudhi ni sakafu ya chini. Ukichomeka vyuma ardhini umeitoboa nailoni ya kuzuia unyevu, na unyevu wa huku kwetu unaujua.

Kwa hiyo siku moja kabla ya sakafu kumwagwa, namwaga karai mbili za zege, nakalisha boksi juu yake, naweka pima maji, nazifunga na paipu za nyaya, maana nazo huelea. Asubuhi limeshika. Kuna mainjinia wasiopenda zege la jana kukutana na la leo, na kusema kweli sina jibu la kuwaridhisha. Huenda siku moja ufa ukaanzia papo hapo. Lakini nimewahi kulikuta boksi limetokeza sentimita 2 juu ya sakafu iliyokwisha kukauka. Nililichimba kwa tindo siku mbili, na aliyesema zege litalikalia hakuonekana.