Simba wa MAN alikuja kwa kununuliwa

Wengi huamini kwamba yule simba aliye usoni mwa lori la MAN ni wa kampuni hiyo tangu mwanzo. Sivyo. Ni simba wa ukoo wa Büssing.

Heinrich Büssing alianza kuunda malori mwaka 1903 mjini Braunschweig, Ujerumani, pamoja na wanawe. Katika mji huo kuna sanamu ya shaba ya simba, ya karne ya 12, iliyosimamishwa na mtawala aliyeitwa Heinrich Simba. Büssing waliichukua kuwa nembo yao.

Na hawakuwa watu wa nembo tu. Mwaka 1923 walitoa lori la ekseli tatu, yaani mihimili mitatu ya magurudumu, mbili za nyuma zikisukuma zote, jambo ambalo leo dereva wa tipa halioni la ajabu. Baadaye wakailaza injini ubavu chini ya chesisi, yaani fremu ya lori, katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kebini ikapata nafasi na kelele ikapungua. Fundi, nadhani, hakufurahi sana kuingia uvunguni.

MAN waliinunua kampuni ya Büssing mwaka 1971, wakabaki na simba.