Subhash Ghai: filamu, bima na shule

Siku ya saba ya kushuti Bagamoyo, steringi wetu aliamka na homa. Tukadhani ni uchovu. Jioni vipimo vikaonyesha dengi, na daktari akasema apumzike wiki mbili. Tulikuwa na watu 26 lokesheni, jenereta ya kukodi, kamera inayolipiwa kwa siku, na nyumba ya wageni iliyotaka hela yake kila asubuhi. Mtayarishaji nilikuwa mimi. Usiku ule nilipiga hesabu kwa mwanga wa simu, na kabla ya adhana ya alfajiri nilikuwa najua kwamba filamu imekufa. Bima hatukuwa nayo. Hata kuifikiria hatukuwahi.

Tangu mwaka ule, kila nikifundisha kozi ya utayarishaji naanza na mtu mmoja wa Mumbai, Subhash Ghai. Wanafunzi wangu wengi hawalijui jina hilo. Wazazi wao wanazijua picha zake. Mtajie Ram Lakhan au Khalnayak mtu aliyekulia Tanga, Unguja au Ilala enzi za kanda za video, na atakusimulia hadithi nzima, nani alimlipizia nani, ilhali Kihindi hakijui. Sisi tulifuata steringi na nyimbo. Aliyelipa gharama zote hizo hatukumuuliza jina. Mimi nataka kumweleza kwa upande huo hasa: mikataba yake, bima yake, hisa zake, na shule aliyoijenga.

Ghai alizaliwa Nagpur mwaka 1945. Alisoma biashara Rohtak, kisha akaenda Pune kusomea uigizaji kwenye chuo cha filamu cha serikali ya India, kilichofunguliwa mwaka 1960 ndani ya viwanja vya studio ya zamani ya Prabhat. Hili la Pune liwekeni akilini, litarudi. Alipofika Bombay, ndiyo Mumbai ya leo, aliingia kwenye shindano kubwa la kutafuta vipaji la katikati ya miaka ya 1960, lile lililomtoa Rajesh Khanna. Khanna akawa staa wa taifa zima. Ghai akapata vipande vidogo, kikiwemo kimoja kwenye Aradhana ya mwaka 1969, filamu iliyompaisha Khanna huyo huyo. Uigizaji ukamgomea. Akageukia kuandika hadithi na kuziuza kwa watayarishaji, na mwaka 1976 akapewa kuongoza Kalicharan, akimtumia Shatrughan Sinha, mtu ambaye watazamaji walimzoea kama adui na si kama steringi. Picha ikapata. Kuanzia hapo hakurudi nyuma kwa muda mrefu: Karz mwaka 1980, Hero 1983, Karma 1986, Ram Lakhan 1989, Saudagar 1991 iliyompa tuzo ya Filmfare ya mwongozaji bora, Khalnayak 1993, Pardes 1997, Taal 1999. Kampuni yake aliiita Mukta Arts, kwa jina la mkewe.

Hayo ya umaarufu mtayasoma kokote. Kwa mtu wa fani yangu swali ni hili: hela ilitoka wapi?

Hapo zamani benki za India hazikukopesha filamu. Mbele ya sheria, filamu haikuhesabiwa kuwa kiwanda kama nguo au saruji. Mtayarishaji alikuwa na milango miwili. Wa kwanza ni wasambazaji. India imegawanywa katika maeneo ya usambazaji: Mumbai na viunga vyake, Delhi pamoja na Uttar Pradesh, Punjab Mashariki, Nizam (upande wa Hyderabad), Bengal na mengine, na nje ya nchi nako kunauzwa kama eneo, humo wakiwemo Waingereza wa asili ya India, watu wa Ghuba na sisi wa Afrika Mashariki. Mtayarishaji anatangaza mastaa, anafanya sherehe ya kufungua kazi, halafu msambazaji wa kila eneo analipa kidogo kidogo kadiri upigaji picha unavyosonga. Fungu kubwa analilipa mwishoni, siku ya kukabidhiwa nakala za filamu.

Ukiielewa hesabu hii utaelewa kwa nini jina la staa lina uzito kuliko muswada. Msambazaji hawezi kuisoma filamu ambayo haipo. Anachonunua ni uso na nyimbo. Ghai alilijua hili mapema, na nyimbo zake, kwanza na watunzi wawili Laxmikant-Pyarelal na baadaye na A. R. Rahman kwenye Taal, zilikuwa mali inayouzwa kwa kampuni za kanda za muziki kabla filamu haijafika ukumbini.

Mlango wa pili ni mkopeshaji binafsi. Huyu alikuja pale mafungu ya wasambazaji yalipochelewa, na riba ya asilimia 3 kwa mwezi haikuwa ajabu. Piga mwenyewe hesabu ya filamu iliyosimama miezi 10. Na nyuma ya baadhi ya wakopeshaji walikuwepo watu wa magenge, jambo ambalo miaka ya 1990 lilikuja kumwaga damu: mwaka 1997 Gulshan Kumar, mwenye kampuni kubwa ya kanda za muziki, aliuawa kwa risasi mjini Mumbai.

Katika mfumo kama huo, kila kitu kinaning'inia kwenye mwili wa mtu mmoja, staa. Ghai aliliona hilo kwa macho yake mwaka 1993. Steringi wa Khalnayak, Sanjay Dutt, alikamatwa mwezi Aprili katika kesi ya milipuko ya mabomu ya Mumbai, huku filamu ikisubiri kutoka. Ilitoka mwaka huo huo na ikajaza kumbi. Lakini mimi kila nikiifikiria miezi ile nasikia tumbo likinikata. Mabilauri ya chai tu lokesheni yana mtu anayedai; je, madeni ya picha ya kiwango kile?

Ndiyo maana naiheshimu sana Taal. Watu wanaikumbuka kwa mvua, ngoma na Aishwarya Rai. Ndani ya fani inakumbukwa kuwa filamu ya kwanza India kukatiwa bima. Niwaeleze bima ya filamu ni nini, maana hata hapa kwetu watu hudhani ni bima ya kamera. Kamera ni sehemu ndogo. Kuna bima ya watu wasioweza kubadilishwa: mwongozaji na waigizaji wakuu. Mmoja akiugua au akifa, kampuni inalipa gharama za siku zilizosimama, au za kurudia sehemu zilizopigwa. Kuna bima ya picha zenyewe, enzi zile ukanda wa filamu, siku hizi diski zenye data. Vikiungua au vikiharibika, unalipwa ukashuti upya. Kisha kuna madhara kwa watu na mali za lokesheni.

Faida kubwa zaidi inakuja kabla ya ajali yoyote. Kampuni ya bima haikubali maneno matupu. Inataka bajeti iliyoandikwa mstari kwa mstari, ratiba ya siku kwa siku, mikataba yenye saini za waigizaji wote, vyeti vya daktari. Na mtu mwenye makaratasi hayo ndiye ambaye benki inaweza kuongea naye. Mwezi Mei 1998 serikali ya India ilitangaza kwamba filamu sasa ni kiwanda, na baada ya miaka michache benki zikaanza kukopesha. Walioweza kuingia mlango huo ni wale ambao tayari walikuwa na mafaili. Mwaka 2000 Mukta Arts ikaenda mbali zaidi ikauza hisa kwa umma. Mwalimu wa shule wa mji mdogo aliweza kununua kipande cha kampuni ya filamu, na kampuni ikalazimika kuchapisha mahesabu yake.

Hapa nisimpambe. Baada ya kuingia soko la hisa, filamu alizoziongoza mwenyewe zilianza kuyumba. Yaadein ya mwaka 2001 ilitangazwa kwa kishindo ikaanguka. Kisna ya 2005 nayo. Yuvvraaj ya 2008 nayo. Unaweza kuwa na vitabu safi vya hesabu na bado hadithi ikapwaya; bima haiandiki muswada. Wapo wanaosema uhasibu ndio uliomfisha msanii. Mimi sikubali. Nikizitazama picha zile naona mwongozaji aliyekuwa akirudia mizani ya miaka ya 1980 mbele ya watazamaji waliokwisha kuhamia kwingine, na hilo lingemkuta hata akifadhiliwa na mkopeshaji wa riba.

Tena angalia mwaka huo huo wa 2005. Mukta Arts ilitoa picha ndogo iitwayo Iqbal, habari ya kijana wa kijijini, kiziwi na bubu, anayetaka kucheza kriketi. Ghai hakuiongoza. Alimpa kazi Nagesh Kukunoor, steringi akawa Shreyas Talpade ambaye sinema zilikuwa bado hazijamjua, na Naseeruddin Shah akacheza kocha mlevi. Bajeti ndogo, nyimbo chache, hakuna staa wa kuuzia mabango. Ikashinda Tuzo ya Taifa ya filamu bora ya masuala ya kijamii. Hiyo ndiyo kazi ya mtayarishaji katika usafi wake: kutambua kwamba hadithi hii si yangu kuiongoza, kisha kuilipia hata hivyo. Kati ya kazi zake zote, ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo naipa nafasi ya juu.

Sasa shule. Whistling Woods International ilifunguliwa mwaka 2006 ndani ya Film City, Goregaon, eneo la studio za serikali ya jimbo la Maharashtra kaskazini mwa Mumbai. Binti yake, Meghna Ghai Puri, ndiye aliyekuja kuiongoza. Naseeruddin Shah alisimamia idara ya uigizaji miaka ya mwanzo. Wanafundisha uongozaji, uandishi, upigaji picha, uhariri, sauti, katuni, na, jambo lililonivutia kuliko yote, utayarishaji kama somo linalojitegemea.

Kumbukeni Pune. Ghai alikuwa zao la chuo cha serikali, na alipofika Bombay diploma haikumsaidia kitu. Mjini pale kazi ilirithiwa kwa ukoo. Mtoto wa mpiga picha alikuwa mpiga picha, fundi taa alimfundisha mpwawe. Utaratibu huo una uzuri wake, na sisi tunaujua: ndivyo ufundi seremala ulivyopita Lamu na Unguja vizazi na vizazi. Ila mpwa hufundishwa alichokijua mjomba tu. Mjomba akiwa hajawahi kuona bajeti iliyoandikwa, mpwa naye ataendesha lokesheni kwa hela ya mfukoni. Shule iliyojengwa mita chache kutoka studio zinazofanya kazi inamweka mwanafunzi darasani asubuhi na mbele ya taa za kweli mchana. Doa ni ada. Ni shule ya kulipia, na ada yake si ya mtoto wa mkulima, wakati Pune hugharimiwa kwa sehemu kubwa na kodi za wananchi. Hiyo naihesabu hasara, kwa sababu Ghai mwenyewe alisomeshwa na chuo cha umma.

Halafu ikaja kesi ya ardhi, na hapa nawaomba wenzangu wasome taratibu.

Mwaka 2000 Ghai aliingia makubaliano ya ubia na shirika la serikali ya jimbo linalomiliki Film City. Shirika lingetoa ekari 20 na kupata asilimia 15 ya kampuni ya shule. Upande wake ungebaki na asilimia 85. Wananchi wakapinga mahakamani. Februari 2012 Mahakama Kuu ya Bombay iliubatilisha ubia huo: ardhi ya umma ilikuwa imetolewa bila kufuata utaratibu unaotakiwa. Ekari 14.5 zilizokuwa wazi zirudishwe mara moja, na ekari 5.5 zenye majengo zikabidhiwe mwisho wa Julai 2014, pamoja na kulipia miaka iliyotumika. Mahakama ya Juu ya India haikumwokoa. Shule haikufungwa, ilibaki pale pale kwa amri za baadaye zenye masharti ya malipo, na mpaka leo inatoa wahitimu.

Mtu aliyeifundisha Bombay kuweka makaratasi aliangushwa na karatasi iliyokosa muhuri. Sioni ubaya wa nia yake. Shule ilijengwa kweli, na vijana wakasoma kweli. Lakini ardhi ilikuwa ya watu wote, na aliyeitoa hakuwa na idhini kamili ya kuitoa. Mahakama iliona sawasawa.

Kesi hii naifundisha kwa saa mbili nzima, nyingi kuliko ninazotumia kwa Taal, kwa sababu ndiyo inayotukaribia zaidi. Juzijuzi mimi na wenzangu watatu tulitaka kufungua darasa la kudumu. Mmoja akaja na habari njema kwamba kuna kiwanja cha halmashauri, mkubwa mmoja keshakubali kwa mdomo, tuanze tu kumwaga zege. Nikauliza kimepitishwa na kikao kipi. Nikaomba muhtasari wa kikao hicho. Muhtasari haukupatikana. Tumepanga nyumba Kinondoni, vyumba vitatu na ukumbi, kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, na mkataba umesainiwa mbele ya wakili. Darasa la kwanza ni Jumatatu saa 3 asubuhi, na kila mwanafunzi aje na bajeti ya filamu fupi ya dakika 10, ikiwa na mstari wa bima.