Sarafu ya Kale ya China: Kwa Nini Kutu Ndiyo Ninayoitazama Mwisho

Kijana mmoja aliniletea sarafu ya Yongle Tongbao, yaani ya shaba ya mfalme Yongle wa China, iliyofungwa katika kitambaa cheupe, na kabla sijaipokea alikuwa amekwisha kuniambia, "Mzee, tazama kutu yake, hii ni ya kale kabisa." Hapo ndipo wengi hupotea. Kutu ya kijani ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kubandikwa juu ya shaba, na kwa sababu hiyo mimi huiacha iwe shahidi wa mwisho kuhojiwa. Wa kwanza ni namna sarafu yenyewe ilivyotengenezwa.

Sarafu za shaba za China, zile za duara zenye tundu la mraba katikati, hazikupigwa chapa kama shilingi za leo, bali zilisubiwa, yaani shaba ya moto ilimiminwa kwenye kalibu. Kwa karne nyingi mafundi walitumia sarafu mama zilizotengenezwa kwa uangalifu mkubwa, wakazigandamiza katika mchanga laini uliojazwa ndani ya fremu, wakaziondoa, wakachimba vijifereji vya kuunganisha alama zilizobaki, kisha wakamimina shaba iliyoyeyushwa. Kilichotoka kilifanana na tawi lenye majani, na kila jani lilikuwa sarafu. Majani hayo yalikatwa, yakatungwa kwa wingi katika ufito wa mraba ili yasizunguke, na kingo zake zikapigwa tupa kwa pamoja. Anayeuelewa mwenendo huo anajua la kutafuta: mikwaruzo ya tupa ukingoni, uso wenye dalili za mchanga, na pembe za tundu zisizonyooka kama zilizokatwa kwa mashine.

Mwenye kughushi kwa kawaida hana sarafu mama. Huchukua sarafu halisi na kuifanya ndiyo kalibu, na hapo hujisaliti kwa njia mbili. Shaba hunywea inapopoa, kwa kiasi cha asilimia 1.5 hadi 2 hivi, kwa hiyo nakala ya sarafu yenye kipenyo cha milimita 25 hutoka ikiwa na milimita 24.5 au zaidi kidogo tu. Tena herufi hupoteza makali, kwa kuwa kila kizazi cha nakala huchukua pia uchakavu wa kile kilichotangulia. Mizani husaidia kidogo tu, maana hata sarafu halisi za zama zile zilipishana uzito.

Sarafu za Yongle, aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424 katika enzi ya Ming, zinasifika kwa kufanana na kwa usafi wa kazi yake, na hilo ndilo linalowafanya waghushi wake wakamatwe kirahisi. Ile ya kijana nilipoipima ilikuwa na milimita 24.3. Chini ya lenzi, herufi ya kushoto, ambayo husomwa "bao", ilikuwa na vimiguu viwili vya chini vilivyoshikana kama nta iliyokaribia moto. Ukingoni sikuona alama hata moja ya tupa. Badala yake palikuwa na mstari mwembamba uliozunguka sarafu yote, yaani mshono wa pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Fundi wa Ming angeuondoa mshono huo kwa tupa.

Kutu ilipobanduka kidogo, shaba ya ndani ilionekana ya njano kama kitasa cha mlango. Sarafu za Yongle zilitengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na bati na risasi; shaba yenye zinki, ambayo ndiyo huwa ya njano hivyo, haikuanza kutumika kwa utaratibu katika sarafu za China hadi karne ya 16, wakati wa Mfalme Jiajing. Rangi peke yake inaweza kulidanganya jicho, kwa hiyo penye thamani kubwa ni heri sarafu ipelekwe kwenye maabara yenye mashine ya eksirei ya kupimia madini, ambayo haikwaruzi kitu.

Ndipo nikafika kwenye kutu. Kutu ya kweli huota kutoka ndani ya shaba: mara nyingi chini kabisa kuna tabaka jekundu lililoshikana na madini, na juu yake tabaka la kijani gumu ambalo ncha ya sindano haiingii kwa urahisi. Ya kubandika hukaa juu kama rangi ya ukuta, laini, na hujaa zaidi kwenye mabonde ya herufi. Pamba yenye asetoni kidogo, kile kimiminika cha kuondolea rangi ya kucha, mara nyingi humaliza ubishi, kwa kuwa kutu ya kubandika huichafua. Nasema mara nyingi kwa sababu miaka ya nyuma niliikataa sarafu nzuri ya Song, ukoo uliotawala China kabla ya Ming, baada ya pamba kutoka chafu, kumbe mmiliki wa zamani aliipaka vanishi ili kuihifadhi. Kingo zake zilikuwa na tupa safi kabisa, nami sikuzitazama.

Neno "bandia" nalo lina vyumba vingi. Kati ya 1659 na 1685, huko Nagasaki, Wajapani walisubu sarafu za biashara zenye majina ya enzi za wafalme wa Song. Na sarafu za Yongle, ambazo zilitumika sana Japani, ziliigwa huko pia. Vitu hivyo si vya mfalme aliyeandikwa juu yake, lakini ni vya kale kweli, na wapo wanaovikusanya kwa makusudi. Zile seti za sarafu za wafalme watano wa Qing, ukoo wa mwisho wa kifalme, zinazouzwa zikiwa na uzi mwekundu ni pambo la bahati, wala sipotezi lenzi yangu kwazo. Sarafu kubwa za fedha za 1914 zenye sura ya Rais Yuan Shikai zilipigwa kwa mashine na zina kanuni zake. Nitaziandikia siku nyingine.

Kwetu pwani, bei hupandishwa na hadithi kuliko sarafu. Mwaka 1945, huko Kajengwa karibu na Makunduchi, Unguja, ilifukuliwa hazina ya sarafu za China, nyingi zikiwa za Song; na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba Yongle Tongbao moja imepatikana kisiwani Manda, karibu na Lamu. Tangu hapo kila Yongle ninayoletewa husemwa imeokotwa ufukweni, ingawa China kwenyewe iliyo ya kawaida ni sarafu ya bei nafuu. Na ikiwa kweli imetoka ardhini, yule aliyeichomoa bila kuwaita watu wa makumbusho ameharibu zaidi ya nusu ya ushahidi, kwa kuwa tabaka la udongo lingesema mengi kuliko mimi.

Nikaandika kwenye bahasha: "Nakala, shaba na huenda zinki, milimita 24.3, yenye mshono ukingoni." Kijana aliichukua bila neno. Alipokikunja kile kitambaa cheupe, nacho kilikuwa kimeshika ukijani.